Nepi Juu ya Mstari wa Sita

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Samahani, daftari. Dada yangu Mukonyo alikuleta Januari, akaniagiza niandike kila siku kama watu wa ofisi. Leo ni Novemba na huu ndio ukurasa wako wa kwanza. Ule wa Februari ulimwagikiwa supu. Wa Septemba Kyalo aliula. Sina utetezi mwingine.

Mukonyo ana duka la vitabu kule Machakos. Akija Krismasi atataka kukuona umejaa. Nitamsomea kurasa za heshima tu.

Tujuane basi. Mimi ni Nduku, mama Kyalo. Kyalo ana miezi saba na ananyonya kama amepewa kandarasi. Mume wangu Urbanus ni mlinzi wa kiwanda huko Thika. Analinda usiku, mchana anakoroma. Tunaishi Theta, chumba kimoja, mabati. Mimi ni kibarua kwenye shamba la utafiti la Daktari Warigia. Daktari wa mimea, si wa watu. Siku ya kwanza nilimpelekea kikohozi cha Kyalo, akakisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia yeye hutibu maharagwe.

Hata hayo hayatibu! Anayanyima maji makusudi aone yatafanya nini. Ana mistari sita chini ya paa la plastiki lenye magurudumu. Wa kwanza hadi wa tatu hunywa kwa kipimo. Wa nne hadi wa sita ni wenye kiu. Kazi yangu na ya kibarua mwenzangu Wangeci ni kusukuma paa lifunike mvua ikija.

Mvua imekuja na haitaki kwenda. El Nino, redio inasema. Paa limefunika tangu Oktoba. Kenya nzima imelowa, na sisi tunalinda maharagwe yafe kwa kiu.

Mwisho wa mwezi mmoja wetu ataandikwa kazi ya kudumu. Mimi au Wangeci. Wangeci hana mtoto, hachelewi, na gambuti zake za mpira zinang'aa kama za askari. Leo ameniuliza mbele ya Daktari kama ni Kyalo anayenuka au kuna mbuzi amenyeshewa.

Ni Kyalo. Nepi kumi na mbili, hakuna hata moja kavu. Leo amevaa fulana ya baba yake, imefungwa kwa pini.

Jumanne, 4 Novemba

Wazo! Wazo kubwa!

Daktari hufundisha Nairobi Jumanne na Alhamisi, na Wangeci hufanya asubuhi. Mchana nilikuwa peke yangu. Nimekaa juu ya ndoo, namnyonyesha Kyalo, mvua inapiga plastiki juu yangu kama kwata ya polisi. Na mimi mkavu. Nikatazama chini: udongo umepasuka. Vumbi! Katika Theta yote, Ruiru yote, labda mpaka Mombasa, vumbi limebaki hapa peke yake.

Na joto je? Plastiki hiyo inafuga joto kama blanketi. Upepo unapita pembeni. Hapa ni mahali bora pa kukausha nguo kuliko pale Mungu aliposema iwe nchi kavu.

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na karai. Kamba nilifunga juu ya mstari wa sita, wa nyuma kabisa, ambao tangi la maji linauficha usionekane njiani. Nepi kumi na mbili, bendera za amani. Sikuzikamua sana. Mikono imechoka tangu Machi.

Saa kumi na moja zilikuwa kavu. Kavu zile za kukwaruza! Nilimvalisha Kyalo mojawapo akanitazama kama mtu aliyehamia Runda kwa matajiri.

Ijumaa, 7 Novemba

Jana nimeanika tena. Hakuna aliyejua. Mimi ni mjanja ambaye nchi hii haikupata nafasi ya kumtumia.

Leo Daktari ametufundisha, kwa sababu wageni wakubwa, wafadhili wake, wanakuja tarehe ishirini na saba na anataka tuweze kujibu. Akasema jani ni jikoni. Jua ndilo moto, hewa na maji ndivyo vyakula, na kile kinachopikwa ndicho sisi tunachokula. Jina lake ni usanisinuru. Nimeliandika kiganjani. Jani lina midomo midogo. Likishikwa na kiu linafunga midomo maji yasitoke, lakini hewa nayo haiingii, basi halipiki. Na jua likiendelea kulichoma hivyo hivyo, ni kama sufuria tupu juu ya moto. Linaungua.

Nilihurumia. Kufunga mdomo ili usipoteze, halafu unalala njaa. Hayo nayajua vizuri.

Wangeci akauliza swali kwa Kiingereza. Refu. Daktari akampongeza. Mimi nikauliza kama jani huhisi uchungu, Wangeci akacheka mpaka akashika nguzo.

Baadaye Daktari akatuonyesha chumba cha oveni. Humo majani hukaushwa ndani ya bahasha za kaki kabla ya kupimwa uzito. Ufunguo anao mwenyewe, shingoni, kama msalaba.

Jumanne, 11 Novemba

Tumegunduliwa. Si na Daktari. Na Kulthum.

Kulthum ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ana mapacha, anapika mahamri ya kuuza stendi. Jana alimshika Kyalo, akapapasa nepi. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za posa: mama Kyalo, hii imekauka wapi? Nikasema jikoni. Akainusa. Akasema haina moshi, na nisimdanganye yeye, Mungu anasikia na mapacha wake wana vipele.

Nikaviona vipele. Nikalia kidogo. Nikamweleza.

Leo tumeanika zangu na za mapacha. Kamba mbili. Kulthum ameniletea mahamri sita ya moto na ameapa hatamwambia mtu, hata mzazi wake.

Alhamisi, 13 Novemba

Amemwambia wifi yake Safaa, anayekaa Kiuu na aliyejifungua juzijuzi. Gunia zima limekuja kutoka Kiuu! Kondakta alilishusha stendi akiwa ameziba pua. Safaa hana maji safi. Mfereji wao unatoa matope. Hizo nepi zilisuuzwa tu kwa jina. Zinatiririka kama mifereji ya paa, na si maji matupu yanayotiririka.

Nilisita. Nilisita kweli, daftari. Kisha nikafikiria mtoto wa siku tisa amelala kwenye nguo mbichi.

Kamba tatu. Maharagwe ya mstari wa sita yamepotea chini ya kivuli. Nikayaambia pole.

Ijumaa, 14 Novemba

Uui!

Daktari alikuja na kile kimashine chake cha kubana jani, kinachopima linapika kiasi gani. Mstari wa nne: linapika kidogo sana. Wa tano: vivyo hivyo. Wa sita: akatazama kioo. Akakipiga kimashine kofi. Akabadilisha betri. Akabana jani lingine, na lingine. Akavua miwani.

Kisha akaanza kucheza! Daktari mzima, na gambuti, kwenye vumbi! Akanishika mikono tukazunguka, Kyalo mgongoni anacheka, Wangeci naye akaingia dansi bila kujua harusi ni ya nani. Daktari anapiga kelele kwamba haya maharagwe hayahitaji maji. Ameyatafuta miaka sita. Yako mstari wa sita, na bila tone!

Bila tone.

Nilikuwa nacheza, lakini goti moja lilikuwa limeshaelewa.

Jumatatu, 17 Novemba

Sikulala vizuri, nikaamka nimeamua kusema. Nilifika saa mbili. Daktari akanitangulia. Akaniambia kwamba ameona jinsi ninavyoutunza mstari wa sita, mpaka nimekuwa nikiukalia karibu nikinyonyesha. Basi mbegu hiyo ikitambuliwa ataiita Nduku.

Maharagwe ya Nduku! Kwenye magunia! Wanawake sokoni wakisema nipimie Nduku kilo mbili!

Tena akaninong'oneza kwamba barua ya kazi ya kudumu iko kwenye droo, atatia sahihi wageni wakishaondoka, na nisimwambie Wangeci.

Nitasema kesho.

Jumanne, 18 Novemba

Kesho haikufaa, Daktari yuko Nairobi.

Lakini nimepata mpango bora kuliko kusema. Shida ni kwamba mstari wa sita umependeza kuliko wenzake. Dawa? Haki sawa! Nikianika juu ya wa nne na wa tano pia, yote yatafanana, Daktari ataona hakuna cha ajabu, atasahau. Nepi zitakauka, hakuna atakayeaibika. Nashangaa watu wanasoma miaka mingapi ili wafikiri hivi.

Kamba sita. Kulthum amekuja na gunia la pili la Kiuu na mahamri kumi na mawili.

Ijumaa, 21 Novemba

Sina la kusema. Ngoja, ninalo.

Daktari ameipima yote. Mistari mitatu yenye kiu imeipita ile mitatu inayokunywa! Ilibidi akae chini. Nikamletea ndoo aikalie. Akakaa kama robo saa, anahesabu kwa vidole, halafu akainuka na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbinguni. Akasema kosa lilikuwa lake. Si mbegu. Ni kiu! Kiu yenyewe inayapa maharagwe nguvu. Maji ndiyo yanayoyalegeza.

Akaamuru mistari inayokunywa isipewe tena hata kikombe.

Wangeci akafunga mfereji kwa furaha. Mimi nikasimama hapo. Nilitaka kuficha mstari mmoja, sasa nimenyima maji shamba zima.

Jumatatu, 24 Novemba

Mstari wa kwanza umeanza kulala. Majani yamejikunja kama mikono ya mtu anayeomba. Daktari anasema ni kuzoea tu.

Kulthum anasema ninyamaze. Kazi ni kazi, na kama mtu amesoma mpaka akaitwa Daktari basi maharagwe atayajua yeye, mimi niliishia darasa la nane. Urbanus amesema hivyo hivyo, macho yamefumbwa. Kisha akauliza kama nepi za kesho ziko tayari. Nikamwambia hakuna cha kesho, kamba nimezifungua. Akafumbua macho.

Naogopa.

Jumatano, 26 Novemba

Leo Daktari ametusomea atakayowaambia wageni kesho, kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya mto Chania, Thika. Anasoma huku anatembea, kifua mbele. Mwishoni akafika mahali pa kusema kwamba msimu wa kiangazi wakulima wa Yatta na Masinga wajaribu: wasimwagilie kabisa.

Yatta ndiko kwa mwaitu, mama yangu.

Ana robo eka. Anabeba mtungi wa maji mgongoni, kilomita tatu, anayagawia maharagwe kwa kikombe, shina baada ya shina. Akiambiwa na mtu mwenye miwani kwamba kikombe hicho ndicho kinachoyalegeza, ataamini. Anaamini watu waliosoma. Ndiye aliyeuza mbuzi ili nisome.

Nikafungua mdomo. Daktari akanijaza mikononi kilo mbili za sukari na sweta ya Kyalo aliyoifuma mwenyewe, ya manjano, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Akasema bila mimi asingefika hapa.

Nikafunga mdomo. Kama jani.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimesema!

Nilitoka Theta asubuhi, Kyalo mgongoni, amevaa sweta. Nilimwachia Wangeci zamu yangu. Akauliza ninaenda wapi, nikamwambia kujiharibia. Akasema haiya, hilo ungelifanya hapa hapa, mbona upoteze nauli.

Hotelini mhudumu wa shati jeupe alitazama gambuti zangu, kisha zulia, kisha gambuti. Nikamwambia Daktari Warigia amesahau sampuli. Akauliza sampuli iko wapi. Nikamwonyesha Kyalo. Sijui alielewa nini lakini alinifungulia mlango.

Daktari alikuwa anabandika michoro yake ukutani. Wageni walikuwa bado wanakunywa chai nje, wakitazama maji yakianguka. Nikamvuta nyuma ya pazia nikamwambia yote bila kupumua: nepi, kamba, mapacha, gunia la Kiuu, haki sawa. Nikamwambia na kikombe cha mama yangu.

Aligeuka rangi. Kwanza nyeupe, halafu nyingine nisiyoijua. Nikangoja anipige au aanguke. Badala yake akatoa kalamu.

Akauliza nepi ngapi kwa kila mstari. Nikamwambia. Kamba ilikuwa juu kiasi gani? Mpaka kifuani. Zilidondosha kwa muda gani? Zilikuwa na maji peke yake? Nikainama, nikasema yalikuwa maji, na mambo ya mtoto. Akaandika: mambo ya mtoto. Halafu akauliza kama kuna saa ambapo jua lilitoka na nepi zikayafunika majani. Nikasema ndiyo, jua la saa nane, lile kali. Akasimamisha kalamu. Akasema polepole, kama anazungumza na ukuta, kwamba huenda hayakuungua kwa sababu ya kivuli. Maji, mbolea na kivuli, vyote kwa mpigo, na yeye akaita kiu.

Kisha akabandua michoro yake yote. Mmoja mmoja. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Wageni walipoketi akawaambia ukweli. Wote! Hakutaja jina langu, alisema mfanyakazi, lakini mimi nilikuwa pale nyuma na Kyalo akachagua dakika hiyo kulowesha nepi, tone likasikika kwenye sakafu. Mzee mmoja mgeni alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Meza nzima ikacheka naye. Daktari alisimama wima katikati ya kicheko hicho, kidevu juu, akangoja kiishe. Nilitaka kumkumbatia.

Yule mzee alipojifuta akasema ameona tafiti nyingi zilizoharibika ila hakuna aliyewahi kumletea mharibifu mwenyewe. Akaahidi neti ya kivuli, ya kisasa, mradi kila kitu kianzwe upya: kivuli peke yake, maji peke yake, na mambo ya mtoto yakae nyumbani.

Tulirudi kwa gari la Daktari. Karibu na Theta akaniuliza Kyalo anavaa nepi ngapi kwa siku. Nikasema nane. Akasema Mungu wangu, kisha akacheka, kisha akafuta macho, kisha akakumbuka kukasirika.

Ijumaa, 28 Novemba

Hukumu.

Wangeci ameandikwa kazi. Alinishika mkono, akasema pole mama Kyalo, na kwamba atanikumbuka akiwa kwenye kudumu kwake. Nikampongeza. Meno yaliuma.

Mstari wa kwanza umepewa maji leo. Nilimwaga mwenyewe, kwa kikombe, shina baada ya shina. Jioni majani mawili yalikuwa yameinua kichwa. Hayana kinyongo, maharagwe.

Sikufukuzwa! Daktari amesema mtu aliyekuja hotelini na gambuti kusema ukweli hawezi kumfukuza, ila hawezi pia kumwacha karibu na kamba. Nimepigwa marufuku chini ya paa. Nisitie mguu. Nimepewa miezi mitatu mingine ya kibarua, mahali ambapo, kwa maneno yake, hakuna cha kuharibu. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana. Nililia wakati nasema, na nilimaanisha.

Jumatatu, 1 Desemba

Mahali pasipo cha kuharibu ni chumba cha oveni.

Daftari. Oveni!

Daktari amevua ufunguo shingoni akanivisha mimi. Kazi yangu ni kutia majani kwenye bahasha, kupanga bahasha ndani, kufunga mlango, kungoja. Joto digrii sabini, mchana kutwa. Kuna rafu nne. Majani yanajaza moja. Tatu zinakaa tupu, zinapashwa joto bure, na huko nje mvua haijapungua hata tone, na mapacha wa Kulthum vipele vimerudi.

Sikufanya lolote. Nimejaribu soksi moja tu ya Kyalo, ndani ya bahasha, ili nijue. Ilikauka kabla sijamaliza uji.

Na hapa hakuna mstari wa kudondoshea! Hakuna kivuli! Hakuna maharagwe hai yatakayomdanganya mtu! Kosa langu lote lilikuwa mahali. Urbanus ana mikono ya kukamua. Atakamua kabla ya kulala. Kila nepi bahasha yake, na kila bahasha itakuwa na maandishi kama zile nyingine. Wangeci haingii humu. Daktari huja Ijumaa tu.

Barua ya Mukonyo naipeleka kesho asubuhi kwa basi la Machakos, asichelewe. Inasema: Dada, usiulize sababu, nitakueleza Krismasi. Kutoka dukani kwako na duka la jirani nahitaji: bahasha za kaki, zile kubwa kabisa, dazani nne, na zisiwe na dirisha la plastiki kwa sababu litayeyuka. Gundi haihitajiki. Sabuni miche miwili, isiyo na harufu hata kidogo. Pini za nepi kumi. Rula moja, herufi zangu zisipinde. Na kalamu moja ya wino mzito, nyeusi, isiyofutika, ya kuandika juu ya kila bahasha: MAJANI. USIFUNGUE.